Diski ya Almasi na Mawe ya Taita: Nasaha kwa Wazazi na Vijana



Ndugu wasomaji, katika majuma haya ya likizo tumeletewa maswali na wazazi wa Voi, wa Mwatate na hata wa Mombasa, nayo yote yanafanana. Kijana ameingiwa na mapenzi ya mawe. Ameokota jiwe lenye rangi kando ya njia, au amepewa na jamaa aliye machimboni, naye ataka kuona lina nini ndani. Ameazima grainda ya mkono ya mjomba wake, anakata mawe uani, na vumbi linatanda juu ya nguo zilizoanikwa. Sasa anaomba fedha za kununua diski ya almasi, na mzazi hajui ampe au amkanye. Mama mmoja ameongeza neno lililotushughulisha kuliko mengine yote: mwanawe ameanza kukohoa.

Tumeona aula safu ya juma hili iwe jibu kwa wote. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba mapenzi haya ni ya heri na yafaa kulelewa, lakini diski ichaguliwe kwa ujuzi, na jiwe lisikatwe kavu hata siku moja. Yaliyobaki ni maelezo ya maneno hayo.

MAWE YA ARDHI YETU

Wanaoishi juu ya utajiri aghalabu ndio wa mwisho kuujua. Ardhi ya Taita Taveta, kuanzia Mangare na Kasigau hadi pande za Mwatate, imelala juu ya miamba ya kale sana iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa chini ya ardhi kwa muda usiosemeka. Katika kupikwa huko ndimo yalimozaliwa yakuti nyekundu ya Mangare, turmalini za rangi mbalimbali, ganeti nyekundu, na ganeti ya kijani ambayo ulimwengu waiita tsavoraiti. Jina hilo la mwisho ni letu. Mtaalamu Campbell Bridges aliliona jiwe hilo kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akalikuta upande wetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 duka la Tiffany la New York likalipa jina la Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi mwezi wa Agosti 2009 katika ugomvi wa machimbo. Tunalitaja hili ili vijana wajue kwamba mali ya ardhini huja na fitina zake, na kwamba haki na sheria ndizo ngao.

Wala si jana mawe ya nchi hizi yalipoanza kusafiri. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 11, katika kitabu chake juu ya vito alitaja bilauri iliyopelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, yaani pwani yetu hii. Bilauri aliyoisema ni kwatzi nyeupe isiyo na doa, ile ile ambayo kijana wa Voi huiokota akadhani ni kioo. Nasi tumelibakisha jina hilo katika gilasi ya kunywea maji. Basra ndiko lilikokatwa na kuchongwa jiwe hilo, na faida ya ufundi ikabaki huko. Miaka elfu imepita, na hata leo mawe mengi ya Taita hutoka yakiwa ghafi, yakaenda kukatwa ng'ambo. Serikali imejenga kituo cha vito mjini Voi kwa ajili ya kuyaongezea thamani mawe ya hapa, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha elimu ya madini. Lakini fundi haanzii chuoni. Aghalabu huanza uani kwao, kwa udadisi kama huu wa vijana wetu. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwaambia wazazi wazuie.

DISKI YA ALMASI HUKATAJE?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi hii kanuni hiyo haifai, kwani kuchagua chombo ni nusu ya kazi.

Kwanza ifahamike kwamba diski hii haina meno kama msumeno wa mbao. Ni bamba jembamba la chuma cha feleji, na kwenye ukingo wake pamepachikwa chembe ndogo mno za almasi. Diski haipasui jiwe, bali hulisaga kidogo kidogo katika mstari mmoja. Almasi ndiyo ngumu kuliko mawe yote: katika kipimo cha ugumu inahesabiwa 10, yakuti 9, tsavoraiti na kwatzi karibu 7, na marumaru 3 tu. Mzazi asiogope neno almasi akadhani ni mali ya wafalme. Almasi za diski hutengenezwa viwandani. Zilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1954, na tangu hapo zikawa chombo cha kazi kama msasa.

Tofauti baina ya diski na diski ni namna almasi zilivyoshikizwa, na ziko njia tatu.

Ya kwanza ni ya kubandika kwa nikeli. Almasi hushikizwa juu ya ukingo kwa tabaka moja tu. Diski hizi ni nyembamba na za bei nafuu, na siku ya kwanza hukata kwa ukali wa ajabu. Lakini tabaka ni moja. Likiisha, diski imekwisha, wala hakuna kuinoa. Zafaa kwa vijiwe vidogo na kwa anayejifunza, maadamu anajua kwamba hazidumu.

Ya pili ni ya kuoka. Almasi huchanganywa na unga wa madini, kama shaba, vikakandamizwa na kuokwa kwa joto kali hadi vikashikana kuwa ukingo mmoja. Hapa almasi zimejaa ndani kwa ndani. Madini yakilika kidogo, almasi mpya hujitokeza. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa anayekata mara kwa mara hurudisha gharama.

Ya tatu ni ya nyufa. Ukingo wa bamba hutiwa mikato midogo, unga wa almasi ukatiwa humo, kisha chuma kikagongwa kuubana. Ni diski shupavu, yastahimili mkono mzito wa mwanafunzi, lakini mkato wake si laini sana.

UKINGO WA NAMNA GANI?

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Voi, utaonyeshwa diski za sura tatu. Iko yenye ukingo uliokatika vipandevipande; hiyo ni ya zege na matofali. Ikipita juu ya kwatzi hugonga kila kipande kwa zamu, na jiwe lenye ufa hupasuka mkononi. Iko yenye ukingo wa mawimbi. Hiyo hukata upesi, nayo ni ya kati na kati. Na iko yenye ukingo mzima usiokatika, ile ambayo mafundi wa vigae huitumia ili kigae kisimeguke. Kwa anayekata mawe kwa mapenzi, ukingo mzima ndio chaguo. Hukata polepole, nao wataka maji wakati wote, lakini huacha uso safi, na hauli jiwe.

Neno hili la kula jiwe lina hesabu yake. Unene wa diski ndio upana wa mkato, na kilichokuwa ndani ya mkato huo kimekuwa tope. Chukua jiwe lenye unene wa milimita 12, ukataka vipande vya milimita 2 kila kimoja. Ukitumia diski ya vigae yenye unene wa milimita 2, utapata vipande 3. Ukitumia diski ya kukatia vito yenye unene wa nusu milimita, utapata 5. Kwa jiwe la barabarani tofauti hiyo ni upuuzi. Kwa ganeti ya kijani, ni riziki iliyomwagwa na maji machafu. Walakini diski nyembamba ina udhaifu wake, kwani mkono ukiyumba kidogo inapinda, na ikishapinda hainyooki tena. Kwa hiyo kijana na aanze na diski nene juu ya mawe yasiyo na thamani, na diski nyembamba ingoje mkono utulie.

JIWE GUMU, DISKI LAINI

Liko jambo linalowachanganya hata wauzaji. Mtu huenda dukani akasema jiwe langu ni gumu sana, naye huuziwa diski iliyo ngumu kuliko zote. Ukweli ni kinyume. Jiwe gumu kama kwatzi hufanya chembe za almasi kuwa butu upesi. Yapasa madini yanayozishika yawe laini, yalike, yaziachilie zilizokwisha makali na kufunua mpya. Ama jiwe laini lenye kukwaruza, kama jiwe la matumbawe tunalojengea pwani au tofali, hula madini yale kabla almasi hazijafanya kazi yake. Hilo ndilo litakalo diski yenye mshiko mgumu. Kanuni basi ni hii: jiwe gumu kwa diski ya mshiko laini, na jiwe laini lenye kukwaruza kwa diski ya mshiko mgumu. Diski njema huandikwa kwenye pakiti yake ni ya kitu gani: vigae, granaiti, zege au marumaru. Kwa mawe mengi ya Taita, ile ya granaiti au ya vigae vigumu vya kaure ndiyo iliyo karibu.

MWENDO, KIPENYO NA TUNDU

Grainda ndogo ya mkono yenye diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Fanya hesabu, na utaona kwamba ukingo wa diski hukimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Mashine ya mezani ya kukatia vigae, yenye diski ya milimita 180 na sinia la maji chini yake, huzunguka karibu mara 2,950 kwa dakika, na ukingo wake hukimbia kilomita 100 kwa saa, ambao ni mwendo wa gari katika barabara ya Mombasa. Kila diski imeandikwa mwendo wa juu inaoustahimili. Diski nyembamba za vito hutengenezwa kwa mashine za mwendo wa chini. Mwenye kuifunga diski hiyo kwenye grainda ya mkono ametega mtego mbele ya uso wake mwenyewe.

Kuhusu ukubwa, diski haikati hadi katikati yake, kwa sababu vishikizo vya katikati huzuia. Chukua kanuni ya theluthi: jiwe lisizidi theluthi ya kipenyo cha diski. Diski ya milimita 180 ikate jiwe la milimita 60, lisilozidi upana wa ngumi. Na tundu la katikati lilingane sawasawa na mhimili wa mashine. Tundu likiwa kubwa, diski hutetema, mkato hupanuka, na ukingo huliwa upande mmoja. Asikubali mtu kuambiwa afunge karatasi au waya kujaza nafasi. Zipo pete maalumu za kupunguzia tundu, na zisipopatikana, diski hiyo si ya mashine hiyo.

Basi anayekwenda kununua na asome mambo haya kabla ya kutoa fedha: kipenyo, unene, tundu, mwendo wa juu, kazi ya diski, alama ya tone la maji inayoonyesha kwamba ni ya kukatia kwa maji, na mshale wa upande wa kuzungukia. Kwa diski za kazi nzito hutafutwa pia alama EN 13236, ambayo ni kipimo cha usalama cha nchi za Ulaya. Kisha ailaze diski juu ya kioo cha kaunta aone kama imekaa sawa. Diski isiyo na maandishi yoyote ni kama dawa isiyo na jina. Bei yake ikiwa ndogo, hiyo si sababu ya kuinywa.

MAJI, VUMBI NA PAFU LA KIJANA

Sasa tunafika kwenye kikohozi.

Mawe mengi ya nchi kavu yana silika, na kwatzi ni silika tupu. Jiwe likikatwa kavu, hutoka vumbi jembamba kiasi kwamba lile linalodhuru zaidi halionekani kwa jicho. Vumbi hilo likifika ndani ya pafu halitoki. Hufanya makovu, na makovu hayo ni ugonjwa uitwao silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, huendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi hili katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu, wala mtandio wa mama. Upepo wa uani nao haulimalizi; hulipeleka kwa jirani.

Kinga ni maji. Maji yakimwagika juu ya mkato bila kukatika, vumbi hugeuka tope papo hapo, diski hupoa, na almasi hudumu. Lakini grainda ya mkono haikuumbwa kumwagiwa maji. Umeme na maji vikikutana mkononi, msiba ni wa dakika moja. Kwa hiyo hatumshauri kijana yeyote kukatia mawe kwa grainda, ikiwa kavu au ikiwa na maji. Fedha zilizokusudiwa kununulia diski tatu za grainda ni afadhali ziwekwe akiba hadi ipatikane mashine ya mezani yenye sinia la maji, hata kama ni ya mtumba, hata kama ndugu watatu au vijana wa msikiti mmoja wataichangia. Ichomekwe kwenye umeme wenye swichi ya kinga inayokata pindi umeme unapovuja, na waya wake uning'inie chini ya kiwango cha soketi ili matone yasifuate waya hadi ukutani.

Tope nalo lina adabu yake. Likiachwa likauke sakafuni, huwa vumbi lile lile, na atakayelifagia ni mama au dada. Lioshwe likiwa bado bichi. Maji ya sinia yaachwe yatuame ndani ya ndoo usiku kucha, ya juu yatumike tena, na tope la chini lifukiwe. Voi si mji wa maji mengi, na israfu ni israfu hata kama ni kwa ajili ya ufundi. Lisimwagwe kwenye mfereji wa jikoni, kwani huganda likaziba.

Kwa mama aliyetuandikia, twasema: simamisha ukataji leo, na umpeleke kijana hospitali. Usimwambie daktari kwamba ana kikohozi tu. Mwambie amekuwa akikata mawe kavu, kwa muda gani, na mara ngapi kwa juma. Huenda ikawa ni mwasho wa koo wa kupita, na hilo ndilo tunaloliomba. Lakini daktari asiyeambiwa habari za vumbi hawezi kulitafuta. Kijana akiruhusiwa kurudi kwenye mawe, arudi kwa maji, na avae barakoa ya vumbi iliyobana uso, miwani ya kinga na vizibo vya masikio.

ADABU ZA KUKATA

Mavazi yetu ya pwani ni ya heshima, lakini mbele ya kitu kinachozunguka ni hatari. Kanzu ya mikono mipana, kilemba chenye ncha, buibui na mtandio vyote hushikwa na mhimili kabla mtu hajatamka neno. Binti anayependa kazi hii, nao wapo, afunge kitambaa kifupi kilichobana, na mikono ya nguo ifungwe vifundoni. Glavu za kitambaa zivuliwe pia, maana diski hushika uzi ikavuta kidole.

Jiwe dogo lisishikwe kwa ncha za vidole. Libandikwe kwa gundi juu ya kipande cha mbao, mbao ndiyo ishikwe. Kabla ya kukata, jiwe lizamishwe majini na kutazamwa dhidi ya mwanga, ili ufa uonekane na uchaguliwe mwelekeo usioukatiza. Diski ifikie mwendo wake kamili kwanza, kisha jiwe lisogezwe pole pole na kwa unyofu, wala lisisukumwe wala kuzungushwa ndani ya mkato. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ukiona diski inateleza bila kukata, na mlio umepanda, usizidishe nguvu: almasi zimefunikwa. Ikiwa ni diski ya kuokwa, ipitishe mara chache katika tofali laini au kipande cha jiwe la kunolea, madini ya juu yatalika na almasi zitafunuka. Ukiona cheche, maji hayafiki. Ukiona mkato unakwenda kombo, diski imepinda au jiwe lilisukumwa upande. Na kazi ikiisha, maji yamwagwe, diski ipanguswe ikauke, isije ikashika kutu.

Mwanzo mwema wa kujifunza ni vipande vya marumaru na granaiti vinavyotupwa na mafundi wa meza za jikoni, na kwatzi ya kawaida. Ganeti nzuri iachwe kabatini hadi mikato hamsini iwe imepita salama.

Na tusisahau jirani. Mlio wa mashine hii hupenya kuta. Isiwashwe wakati wa adhana na sala, wala alasiri watoto wanapolala, wala usiku. Na kabla ya kutawadha, gundi iliyoganda vidoleni ibanduliwe, kwa sababu huzuia maji kufika kwenye ngozi.

HALALI YA JIWE

Diski ikishapatikana, laja swali la jiwe lenyewe. Katiba ya Kenya imeyaweka madini yote chini ya dhamana ya Serikali, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeweka vibali kwa mchimbaji mdogo na kwa mfanyabiashara. Kijana asiingie machimbo ya mtu usiku, wala asichukue jiwe ndani ya mbuga ya Tsavo, hata liwe dogo vipi. Anunue kwa mwenye kibali, apewe risiti, na aitunze. Siku atakapotaka kuuza, aende kuuliza kwanza katika ofisi ya madini ni kibali gani kinachompasa.

Katika kuuza pana mtihani mkubwa. Mawe huloweshwa maji au kupakwa mafuta ili nyufa zijifiche na rangi izidi. Sote twakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkanya mwuzaji kwa kuuficha. Jiwe lililolowa ni lundo lile lile. Kijana akaushe jiwe lake, aonyeshe ufa wake, ataje kama limetiwa kitu, ndipo ataje bei. Akijulikana hivyo pale Voi, wanunuzi watamtafuta.

Wengine wameuliza kuhusu zaka. Mawe anayoyaweka mtu kwa pambo au kwa mapenzi yake, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawayatozi zaka kama dhahabu na fedha. Ama yakiwa ni bidhaa ya biashara, yanahesabiwa pamoja na mali ya biashara, na ikifikia nisabu na mwaka ukatimia, hutolewa asilimia 2.5. Mwenye mali nyingi na amwulize mwanachuoni wake.

Na wako wanaouliza kama jiwe fulani huleta riziki au huondoa husuda. Kuvaa pete ya fedha yenye jiwe ni jambo lililokuwepo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba pete ya Mtume ilikuwa ya fedha, na kito chake cha Kihabeshi. Lakini jiwe halidhuru wala halinufaishi. Mwenye kuliuza kwa ahadi ya bahati amemdanganya mnunuzi mara mbili, katika mali yake na katika itikadi yake. Qur'ani imeitaja yakuti na marijani katika Surat Ar-Rahman, na katika Surat Fatir imetuelekeza kutazama milima yenye mistari ya rangi mbalimbali, nyeupe na nyekundu na nyeusi mno. Tumeitwa tutazame ili tumjue Muumba. Kijana anayelifungua jiwe kwa subira, akaona mstari ambao haujapata kuonekana na jicho tangu liumbwe, yuko karibu na maana hiyo kama atakumbushwa.

Hilo la kukumbusha ni kazi ya mzazi. Kaa naye mara moja atakapokata kwa maji, umulize jiwe hili latoka wapi na kwa nini alilikata upande huu na si ule. Utajua upesi kama ni mchezo wa juma moja au ni kipaji. Kama ni kipaji, diski ya ukingo mzima, sinia la maji na barakoa njema ni gharama ndogo kuliko nyingi tunazotoa kwa watoto wetu bila kuuliza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, azilinde pumzi zao, na aitie baraka kazi ya mikono yao. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.